Hedifoni Zisizo na Chaji

Shoga, uko? Nimetoka zamu sasa hivi, nina hasira mpaka basi.

Nahodha kanikuta dirishani, naangalia bahari kama inavyotakiwa, hedifoni masikioni. Akanifokea mbele ya watu: "Meli nzima inakutegemea wewe, halafu unasikiliza muziki?"

Muziki!! Muziki gani? Hedifoni zenyewe zimeisha chaji tangu jana!

Nilizivaa kwa ajili ya yule afisa ninayeshika naye zamu. Si nilikuambia? Yule wa stori za wake zake watatu waliomkimbia. Akikuona umeziba masikio, angalau anakuacha upumue.

Sasa ningejitetea vipi, na yeye kasimama pale pale ananionea huruma? Nikasema tu, "Samahani, nahodha."

Halafu eti akanitetea. Yeye! "Msamehe, nahodha. Binti wa watu ana upweke tu."

Nahodha akakubali. Hedifoni kachukua. Na akaagiza kuanzia kesho mpaka tufike bandarini, afisa asimame karibu yangu, anipigishe stori nisiboreke.

Muziki, jamani! Muziki gani?

Afisa kanifuata mpaka kwenye ngazi, anatabasamu: "Usijali, mdogo wangu. Kesho tunaanza upya, na mke wa kwanza."