Mama Mkwe kwenye Orodha ya Wagonjwa

Mpendwa mshauri Mama Eva,

Shikamoo. Naomba msaada wako, tena wa haraka, kwa sababu nimejiharibia mwenyewe na sijui pa kuanzia. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, naishi Naipingo, kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kituo cha afya, na mwaka huu wa 2006 tumeletewa kompyuta, na mwalimu anayetufundisha kuitumia akaniambia niingize wagonjwa arobaini wa kwenye daftari kwa ajili ya mazoezi, ila majina yao niyafiche, niweke ya kubuni, nami nikaona hilo jepesi, kumbe kubuni majina arobaini si mchezo, nilikaa nusu saa sijapata hata matatu, na mfukoni nilikuwa na karatasi ya ndugu wa mchumba wangu Yasmini watakaoalikwa kwenye harusi yetu, basi nikayashusha yote kama yalivyopangwa, kuanzia la mama yake, Bi Swaumu, wala sikutazama ni ugonjwa gani unaangukia kwa nani, nilitaka nimalize nikale.

Kumbe mtu wa usafi aliokota karatasi tulizochapa, akampa dada yake anayeuza karanga stendi, na kesho yake Kaimu, kaka yake Yasmini, akanunua karanga, akafungua kifurushi, akakuta jina la kituo chetu na chini yake Swaumu Harithi, kaswende, akasoma kwa sauti kabla hajajua anachosoma. Mama yule ni mjane mwaka wa tisa sasa na ndiye anayefundisha watoto madrasa. Mama Eva, nilitamani ardhi ipasuke. Sasa haendi bombani kwa njia ya kawaida, wenzake wanampa pole kwa sauti ya chini mpaka analia, Yasmini hasemi nami, na mjomba wao, Mzee Isihaka, ambaye huku kwetu ndiye mwenye neno la mwisho juu ya ndoa ya mpwa wake, amesema nipeleke daftari halisi Ijumaa ya mwisho wa mwezi waone kwa macho yao kaswende ile ni ya nani, la sivyo posa inarudishwa. Nimeeleza kuwa yale yalikuwa majina ya mazoezi, hakuna anayeniamini. Kaimu alinijibu, "Yaani shemeji, majina yote haya ya duniani, wewe umeliona la mama tu?" Nakala ya orodha nzima ninayo, lakini naogopa kuitoa kwa sababu humo hata Mzee Isihaka mwenyewe ameangukiwa na mimba ya miezi saba.

Mwenye ugonjwa wenyewe ni (mstari huu nimeukata – Mshauri) na ana mume na watoto wadogo, namwonea huruma, lakini na Yasmini nampenda. Je, nikimwonyesha mjomba mstari mmoja tu, mingine nimeiziba kwa mkono, nitakuwa nimekosea? Tafadhali jina langu lifichwe.

Mwenye Mashaka

*

Mwanangu Mwenye Mashaka,

Marahaba. Kwanza nimecheka, nisamehe, nimecheka mpaka mhariri akaja kuchungulia. Halafu nikamfikiria Bi Swaumu akizunguka njia ya mbali na ndoo kichwani kwa sababu wewe ulikuwa na njaa, kicheko kikaniisha.

Uliambiwa ubuni majina, wewe ukaazima. Jina la mtu lina mwenyewe, na mwenyewe ana majirani. Kama kichwa kilichoka, ungeandika Mgonjwa wa Kwanza, Mgonjwa wa Pili, mpaka arobaini, kompyuta isingenuna.

Sasa swali lako. Mstari mmoja tu, mingine umeiziba kwa mkono! Mstari huo ni mtu mzima, na mume wake, na wanawe. Alikuja hapo kituoni na jambo ambalo pengine hajamwambia hata dada yake. Ukimtoa ili uoe, wanawake wa huko watakaa na maradhi yao nyumbani, na watakuwa na haki. Hapana. Hata posa ikirudi, hapana.

Lakini sidhani kama itarudi, maana dawa unayo mwenyewe na umeikalia kwa woga. Itafute ile karatasi ya waalikwa. Chukua na nakala ya orodha, ila kwanza shika mkasi ukate safu za kijiji, umri na kazi, kwa sababu nina hakika hizo uliziacha za kweli, na huko kwenu ukisema mshona nguo wa miaka thelathini wa kijiji fulani, umeshamtaja. Yabaki maradhi na hayo majina yako ya kuazima.

Mtangulize mshenga, usiende ukweni mbiombio. Ukikaribishwa, ziweke karatasi mbili pamoja mbele ya mjomba. Ataona majina yamefuatana vilevile, toka la dada yake hadi la mwisho. Akibisha, mwombe ashuke taratibu mpaka alipo yeye. Mzee mwenye mimba ya miezi saba hatakuwa na haraka ya kuamini kaswende ya dada yake. Wakikuchapa, vumilia, utakuwa umechapwa kwa kosa lako na si la mwingine.

Bi Swaumu usimweleze habari za kompyuta. Mpelekee doti ya kanga, kaa chini, sema umemkosea. Kisha wewe na Kaimu mwende stendi ileile mkaseme kwa sauti ileile kwamba kilichosomwa ni uongo. Na karatasi za kituo zichomwe. Karanga zifungwe kwa magazeti, hata hili letu.

La mwisho. Uliomba nifiche jina lako. Nimelificha, kijiji nimekibadili, na majina ya ndugu wote humu nimeyabuni mwenyewe bila kugusa mashemeji zangu. Lakini jina la yule mama mgonjwa hukuomba nilifiche. Uliliandika lote pamoja na la baba yake, kwa herufi kubwa, ukalitia posta kuja kwangu mimi usiyenijua. Nimelikata kwa wembe nikalichoma jikoni. Mhariri aliniuliza lilikuwa la nani, nikamwambia nimesahau. Ijumaa mjomba akikuuliza, na wewe mjibu hivyohivyo.