Kitenge Alichokiona Kanyange

Jumanne, 3 Juni 2025

Na bado jina ni hilo hilo. Kanyange kasema, Kanyange kagundua! Leo kamtumia Ndizeye linki ya kitu kinachofuta mandhari ya picha kwa sekunde tatu, bila malipo. Mume wangu kanibusu kwenye paji la uso, kisha kageukia laptopu huku anatabasamu. Tabasamu lile nililijua kuwa langu.

Siku kumi na tisa za ndoa. Nampenda hadi naamka kabla yake nimtazame tu.

Huyo Kanyange ni dada mmoja wa Ngara, anatengeneza tovuti kama Ndizeye. Hawajawahi kuonana. Ndivyo anavyosema.

Jumatano, 4 Juni

Fonti, mitindo ya herufi. Kanyange kapata mahali zinapopangwa mbili mbili zinazopatana. "Zimeoana," Ndizeye kasema. Zimeoana! Nimempikia ndizi kwa maharage na ngogwe, kala bila kuangalia sahani.

Mama mkwe kaniona nimenuna. Alitoka Ntobeye kuja kunikalia hapa Nyakanazi, maana kwao bibi harusi havuki uzio wala haonwi na wageni mpaka ndugu zake waje na pombe ya ndizi kumtoa. Kwetu Nemba ni hivyo hivyo. Watakuja Jumamosi tarehe 21. Kaniambia mwali akinuna, pombe huchacha njiani.

Ijumaa, 6 Juni

Mwenye gesti ya pale njia panda alikuwa amekataa mara mbili tovuti anayotengenezewa na Ndizeye, anasema rangi ya bluu inamkumbusha hospitali. Leo kaikubali! Rangi tano mpya: kahawia ya udongo wetu, kijani cha mgomba, njano, nyeusi, na wekundu mmoja wa kuiva. Nzuri mno. Nikauliza zimetoka wapi.

Kanyange kazitoa kwenye kitambaa, Ndizeye kasema.

Kitambaa cha nani? Kacheka, kaenda kuoga.

Basi Kanyange anamtumia picha za nguo zake. Sijala.

Jumapili, 8 Juni

Ndizeye na mama yake wameenda misa, mimi na uzio wangu. Nikafungua laptopu.

Ndizeye alinionyesha kile kijichupa kinachonyonya rangi: unagusa picha, kinakupa jina la rangi kwa herufi na tarakimu sita. Rangi zile nilihisi nazijua, nikafungua picha ya kitenge alichonipa mama siku naondoka Nemba. Nikagusa wekundu. B5451C. Nikaangalia tovuti ya gesti. B5451C! Nikagusa zote tano. Zote sawa. Ni kitenge changu! Nilicheza peke yangu sebuleni kama mwendawazimu.

Halafu nikasimama. Kitenge hicho hakijawahi kuvuka uzio.

Nikasoma mazungumzo yao. Ndizeye alituma picha nzima: mimi nimekaa mkekani siku ya tatu, kitenge mabegani, uso wazi. Majirani hawajauona uso huu. Kanyange kauona. Kamjibu: "Nguo nzuri, mwenye nguo mzuri zaidi. Unamficha kwa nini?"

Waliporudi nikamvuta Ndizeye chumbani. Kasema alitaka rangi tu, hakuwaza. Nikamwambia polepole, mama yake asisikie, "Mwali aliyekwisha kuonwa anatolewa nini tena?" Mama yangu atakuja na mitungi yake kutoka Nemba, arudi nayo? Ndizeye kakaa kitandani, kanishika mikono yote miwili. Kachukia nafsi yake. Nami nikampenda tena, nikiwa na hasira.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwandikia Kanyange mwenyewe, kwa simu yangu. Mimi ni mke wa Ndizeye, naomba ufute picha yangu, sijatolewa bado. Nikasubiri.

Kajibu kwamba kaifuta, na hajamwonyesha mtu. Bibi yake alimkalia dada yake vivyo hivyo, anajua. Kaomba radhi. Halafu: "Mumeo ananiambia una jicho la rangi kuliko sisi wote. Ukitoka, karibu Ngara nikufundishe."

Mumeo ananiambia! Kwa hiyo huwa wananiongelea. Sijui nifurahi au nilie. Nimefungua kijipicha chake, nikakikuza mpaka kikavurugika. Ni mzuri. Shingo ndefu.

Mama mkwe ananiita nikapepete maharage. Nimemwandikia Kanyange haraka:

"Asante dada. Natolewa tarehe 21. Nitakuja kabla mwezi haujaisha, nimekivaa kitenge chenyewe."