Kaka Aliyetangaza Msiba Wangu

Kaka Yoeli,

Siku ya mazishi yako nilisimama nyuma ya akina mama wa kwaya. Mmoja akageuka, akaniona, akapiga ukunga. Wengine nao wakageuka. Shangazi Mbeleje akakaa chini palepale kwenye vumbi, akawa anasema tu, "Tabitha? Si yule aliyefia Dodoma?" Watu walinikimbia, Kaka. Msiba ni wako, lakini mzimu nikawa mimi.

Hukuwaambia. Uliniahidi mbele za watu, na bado hukuwaambia.

Ni wewe uliyenipeleka hospitali kule Dodoma, mwanangu Neema akiwa mchanga, nilipokuwa sili, silali, na nasikia sauti zikiniambia mtoto si wangu. Njia nzima ulinishika mkono. Pale getini ukasema, "Mvua zikikatika nakuja kukuchukua." Ukaja mara mbili, umeniletea karanga. Halafu basi.

Zile sauti zilinyamaza. Dawa zilinitetemesha mikono, lakini akili ilirudi. Wa kunirudia ndiye hakuwepo. Neema akaota meno, akatembea, akaanza shule, mimi nipo wodini.

Kulikuwa na nesi, Sista Anjela, aliyeanzisha kikao cha wagonjwa. Tunapanga viti barazani tunatazamana, kila mtu anasema lake, wengine wanasikiliza. Hakuna kucheka, hakuna kumkata mtu maneno. Mwanzoni niliona upuuzi. Kwani mgonjwa atamponya mgonjwa? Mpaka siku moja Mama Halima, wa kutoka kule Kondoa, akalia kwa lugha yao ya kugonga ulimi. Hatukuelewa hata neno, ila hakuna aliyeinuka mpaka alipomaliza. Jioni ile alikula, mara ya kwanza tangu aletwe.

Mimi zamu yangu ikifika nilikuwa nakusema wewe. Kaka yangu ana shughuli. Siku hizi biashara ruksa, kila mtu anakimbizana na mitumba, atakuja tu. Nilikutetea, Kaka. Wenzangu walichoka kunisikia.

Ndipo akaletwa Rehema, binti wa huku kwetu Mlali. Kikao chake cha kwanza alinikazia macho, kisha akasema, "Dada Tabitha, wewe si ulikufa? Tulilala kwenye matanga yako. Kaka yako alisema wamekuzika hukohuko."

Nilimgeukia Sista nikitaka aseme huyu mtoto anaumwa, hajui anachosema. Nilitamani awe kichaa kabisa, Mungu anisamehe. Lakini alitaja nyimbo zilizoimbwa. Akataja ulivyolia wewe. Akamtaja Neema, wakati ule bado mchanga, mgongoni kwa mkeo.

Baada ya hapo nilinyamaza vikao vingi. Sista hakunilazimisha. "Njoo ukae tu," alisema. Siku nilipofungua mdomo nilikuwa na maneno machache: "Mimi ni Tabitha. Sijafa." Nikayarudia tena na tena, na wao wakanisikiliza.

Sista akakuita, ukaja. Ulitaka tuongee pembeni, nikakataa, nikakuwekea kiti katikati ya wenzangu. Ukasema huku ukitazama sakafu. Kwamba posa ya binti yako Joisi ilikuwa imekuja, na wale watu wakauliza kama ukoo una kichaa. "Nilijua hutapona, Tabi. Nikaona bora wakulilie mara moja yaishe."

Yakaisha kwa nani? Joisi akaolewa. Mume wangu akaoa mwingine, akahamia Kiteto. Mtoto wangu akafundishwa kumwita mkeo mama. Ningekufa kweli, Kaka, ungefanya nini zaidi ya hapo?

Mama Halima akakuuliza kwa Kiswahili chake cha shida, "Wewe, usiku, lala?" Ukaniambia mimi, "Nipe mpaka tuvune. Nitasimama kanisani mwenyewe, nitasema." Nikakubali. Tena nilifurahi, mjinga mimi! Nikawaambia wenzangu, mnaona, kaka yangu ana moyo.

Mavuno yakapita. Aliyefika ni baba yake Rehema, amekuja kumwona mwanawe, akasema umeanguka shambani, ni presha, umeondoka, unazikwa kesho. Sikulia. Nilisema, "Amenikimbia." Mbele yao wote nilisema hivyo.

Sista alinisindikiza hadi kwenye mazishi. Kelele zilipopungua akawaambia watu, "Huyu aliumwa, amepona." Kisha nikasema mwenyewe, ulichofanya na kwa nini, na kaburi bado halijajazwa. Wapo wanaosema nilikuvunjia heshima. Pengine. Ulikuwa umeniachia siku gani nyingine?

Sasa nakaa kwenye nyumba ya marehemu Mama. Wengine wananisalimia kwa mbali. Kuna jirani hanywi maji ya kwangu. Mkeo alikaa siku nyingi bila kunitazama, halafu asubuhi moja akaja na Neema, akamwacha mlangoni, akaondoka. Joisi hajaachika, Kaka. Mkweo amesikia yote, na Joisi bado yuko kwake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Ulinizika bure.

Neema ananiita Shangazi. Jana namsuka, akaniuliza, "Shangazi, ni kweli ulikufa?" Nikamwambia, "Hapana. Niliumwa, watu wakaogopa." Jina lako lilinifika mdomoni, nikalimeza. Analalia koti lako, hataki lifuliwe.

Basi, Kaka, pumzika. Sijakusamehe, na sitaki kusema nimekusamehe ili nionekane mwema. Ila nakuahidi hili. Neema akikua akaniuliza ni nani aliyesema nimekufa, nitamwambia ni wewe. Nitamwambia pia kwamba ulimlea vizuri, maana ulimlea vizuri. Yote mawili atayapata kwangu, aamue mwenyewe akulilie vipi. Mimi sitamchagulia nani wa kumzika.

Mdogo wako, niliye hai,
Tabitha