Manowari Ingesubiri Siku Moja

Shoga yangu Zuwena,

Usishangae kupata barua yangu. Miaka yote tuliyokaa London sikukuandikia hata kadi ya Idi, maana kila Jumapili ulikuwa mbele yangu. Sasa arobaini yako imeshapita. Nimekaa hapa Kenton, nyuma ya duka langu la nyuzi na vifungo, na chai ya tangawizi nimepika tena ya watu wawili. Mkono haujajifunza kupima ya mtu mmoja.

Nikupe habari za huku. Hitma yako ilisomwa vizuri. Nilikaa na wanawake chumbani kwako Hounslow, Mhindi peke yangu katikati ya mabuibui, ndege zinapita juu ya paa na wasomaji wanapandisha sauti. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini pale. Mmoja alinishika mkono akanipa pole ya ndugu wa damu, na mie nikalia mpaka nikaona haya. Walipomaliza, mjukuu wako Aliya akanivuta pembeni akanipa daftari lako la mchezo. "Bi Hansa, Bibi said hili ni lako," akaniambia. Yule mtoto Kiswahili anakisikia chote lakini kinatoka nusu.

Nani angeamini mchezo wetu, Zuwena? Vizee viwili vya Kiunguja, kachori mezani, tunapanga upya mambo ya Wamarekani. Uliyaanza wewe haya, ulipokuwa unasafisha ndege Heathrow. Wenzio walitazamia chokoleti zilizosahauliwa vitini, wewe ulikunja magazeti ya abiria ukayatia mkobani. Jumapili unalitandaza gazeti, unasema, "Tuseme." Mie najibu, "Tumesema." Hapo tena hakuna wa kutusemesha.

Tuseme mvua ilinyesha Dallas siku ile, gari la yule rais kijana likafunikwa, risasi isimpate. Tuseme mashine ya kunasia sauti ya yule rais aliyejiuzulu iliungua mapema. Tuseme karatasi za kura za jimbo moja zilitobolewa sawasawa. Tuseme jemadari wa Kusini, katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, aliamka na tumbo la kuendesha asubuhi ya mapambano. Hiyo ya tumbo tulicheka mpaka mteja akagonga mlango kuuliza kuna nini.

Na sheria zako! Kila mchezaji ana kitu kimoja cha kubadilisha, kimoja tu, na kiwe kidogo. Baada ya hapo mambo yafuatane yenyewe, upende usipende. Mchezo hauachwi njiani. Sheria moja tu niliiweka mie, Jumapili ya kwanza kabisa: ya kwetu hatuchezi. Zanzibar tuiache. Ulinitazama kidogo, ukasema, "Haya, mama," ukamimina chai.

Zamu yangu sikuitumia hata siku moja. "Hansa, zamu yako," unaniambia. "Mie nasikiliza tu," nakujibu, nawe unaniita mvivu. Haukuwa uvivu, shoga.

Jumapili ya mwisho nilikuja mie kwako, mabasi mawili, kwa kuwa miguu yako ilikuwa imekataa. Ulikuwa kwenye kiti cha dirishani, umejifunga kanga juu ya sweta. Ukasema, "Tuseme manowari ile ya Wamarekani ingesubiri siku moja." Nilijua manowari gani. Ile iliyokuja Unguja siku ya pili ya Mapinduzi kuwachukua watu wao, ikaondoka bila kaka yako Salum. Nikasema, "Ya kwetu hatuchezi," nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Chai niliiacha nusu kikombe. Uliniita mara moja, nikasikia, sikugeuka. Jumatano ukafa.

Nisamehe. Hapana, usinisamehe bado. Nimalize kwanza.

Miaka yote uliamini kwamba Salum alichelewa bandarini kwa sababu ya wenye bunduki njiani. Hivyo ndivyo alivyowaambia nyumbani, na hivyo ndivyo mama yako alivyosimulia mpaka mwisho wake. Salum hakuzuiwa na mtu, Zuwena. Nilimzuia mie.

Unakumbuka alikuwa mpishi wa Wamarekani kule Tunguu, kwenye kituo chao cha kufuatilia vyombo vya angani. Asubuhi ile bosi wake alimpelekea kikaratasi: njoo bandarini, nafasi yako ipo. Akapita mlango wa nyuma wa duka la baba yangu, Mkunazini, kuniaga. Ndiyo. Mimi na Salum. Mwaka mzima tulipendana na hukujua, na wewe ulikuwa unalala kitanda kimoja na mie kila mitihani ya skuli ikikaribia. Alikuwa amevaa shati lake la kazini. Nikamshika mkono wa shati nikamwambia, "Subiri kesho." Sikuwa na mpango wowote wa kesho. Nilikuwa na miaka kumi na saba na nilitaka siku moja zaidi, basi. Akasubiri. Jioni ile manowari ikaondoka, na siku ya tatu wakaja watu kumuuliza habari za Wamarekani, wakamchukua, hakuonekana tena. Mama yako aliendelea kulifua lile shati kila Ijumaa, lisije likanuka vumbi atakaporudi. Mie nilikuwa nimekaa pale uani kwenu, namsaidia kukamua.

Ningekwambiaje? Ulipoingia dukani kwangu hapa Kenton kutafuta uzi, baada ya miaka yote ile, ukapiga ukelele ukanikumbatia mbele ya wateja, nilisema moyoni nitamwambia Jumapili. Kila Jumapili nilisema hivyo. Niliogopa kukukosa mara ya pili.

Sasa nimelisoma daftari lako, lote, kwa miwani yangu mibovu. Kumbe michezo yako mingi ulikuwa unaipeleka mahali pamoja. Uanze na mvua ya Dallas, uanze na baharia aliyesinzia asione meli ya adui, mwisho wake ni ule ule: Wamarekani hawaendi Vietnam, vijana wanabaki makwao. Nilikuwa nadhani umechukia vita tu, kama mtu yeyote mwenye akili. Lakini ulishaniambia kwamba kule hata mgeni aliyehamia, akiwa kijana, aliitwa jeshini. Ulikuwa unamsafishia kaka yako njia. Apande meli, afike, na asikute vita ya kumla. Ya kwetu ulikuwa unaicheza miaka yote, mbele ya macho yangu, na mie namenya tangawizi.

Kilichokushinda ni kumfikisha melini. Ulibadilisha marais na majemadari, na mwisho ukataka kuisimamisha manowari nzima, Zuwena, kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni neno moja la msichana mlangoni.

Basi leo nachukua zamu yangu.

Tuseme nilimwambia, "Nenda."

Salum anakwenda. Anafika bandarini na kikaratasi chake, anapanda, shati lake jeupe nikiliona mpaka linapotea. Anapata kazi kwenye jiko la watu huko, analalamika kwamba hawajui kutia chumvi. Vita haimchukui, kwa kuwa hiyo wewe ulishaizuia. Wewe kimoja chako, mie kimoja changu, hakuna sheria iliyovunjwa. Anaoa. Nani, sitaki kujua. Na kwa kuwa ana kwake, anakuita, wewe na mama yako, mnakwenda Marekani. Huji London. Husafishi ndege Heathrow. Mie nafungua duka langu Kenton, na Jumapili nafunga saa nane, nakunywa chai peke yangu, na hakuna anayeingia kutafuta uzi.

Nimekaa na hilo wiki nzima, nikitafuta pa kuponyokea. Sikupata. Kumrudisha Salum ni kuzitoa Jumapili zetu zote, na hizo ndizo tu nilizokuwa nazo. Nimezitoa, shoga. Mchukue kaka yako.

Aliya anakuja Jumapili hii, amesema anataka kufundishwa mchezo. Hajawahi kusikia jina la Salum. Nakuahidi atalisikia, na atajua nani alimwambia asubiri, nitamwambia mwenyewe kwa mdomo wangu hata kama hatarudi tena Jumapili ya pili.

Buriani, Zuwena. Safari hii sikuondoka katikati, mchezo nimeufikisha mwisho.

Nimesema "Tuseme." Nakungoja ujibu.

Wako,
Hansa