Maono Ambayo Sikuyaona

Alhamisi, 6 Februari
Nimeshona sare tatu za kwaya. Zimebaki tisa. Mvua hakuna, wiki ya tatu sasa. Vumbi linaingia mpaka kwenye cherehani.

Saa nane Kwandu amepiga simu kutoka Kasoli. Mumewe, mdogo wangu Masanja, amekohoa damu. Nikamwambia tumwombee. Nikakata simu, nikaendelea kushona. Mshono wote umepinda. Nimefumua.

Ijumaa, 7 Februari
Nimekwenda Kasoli kwa bodaboda. Masanja amelala kwenye mkeka nyuma ya nyumba, mbavu zote nje. Pamba imefika magotini ikaishia hapo, majani yananyauka. Kwandu anapalilia peke yake, mtoto mgongoni.

Masanja akanisalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, kama siku zote, ila sauti haitoki. Akaomba nimwombee. Nikapiga magoti. Nikasema yale yale tunayosemaga kila Alhamisi kwenye kikundi.

Niandike tu, hakuna atakayesoma. Mwezi wa kumi Masanja alikuwa katikati ya dozi ya TB. Amenenepa, kikohozi kimekwisha. Kikundi changu cha maombi kilikuwa kinakufa, tumebaki wanne. Nikasimama mbele yao, Masanja mwenyewe yupo, nikasema nimeonyeshwa ugonjwa ukimtoka kifuani kama moshi. Nikamwambia dawa za nini tena, ni kumdharau Mungu. Akaacha.

Sikuonyeshwa kitu. Nilitaka kusikilizwa. Wiki iliyofuata Masanja akatoa ushuhuda, na sebule yangu ikajaa mpaka wengine wakakaa nje. Nilifurahi sana. Hilo ndilo baya kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Jumamosi, 8 Februari
Tumemleta hospitali, hapa Bariadi. Wamechukua makohozi. Nesi akauliza kwa nini aliacha dawa. Masanja akanitazama, kisha akasema alichoka, kituo kiko mbali. Nesi akamgombeza. Mimi nimesimama pembeni, Biblia kwapani.



Jumapili, 9 Februari
Kanisani tumeomba mvua. Nimesoma matangazo kama kawaida.

Baada ya ibada Mama Shija akanishika mkono. Huyu ni wa kikundini, ana presha miaka mingi. Akaniambia kwa furaha kwamba tangu ule ushuhuda wa Masanja vidonge vyake alivitupa chooni. Kichwa kinamgonga, lakini ni majaribu tu. Nilipaswa kusema pale pale. Nikasema amina.



Jumatatu, 10 Februari
Sikushona. Nimekwenda kwa mchungaji nikamweleza yote. Akasema anayetubu kweli, Mungu hamfukuzi. Nikashusha pumzi. Kisha akasema kumwambia yeye peke yake hakutoshi, maana niliowadanganya ni wengine.

Nilikuwa natumaini ataniambia ninyamaze.

Jumanne, 11 Februari
Majibu yametoka. TB sugu. Dawa alizoziacha hazimsaidii tena. Anaanza nyingine, kali zaidi, za miezi mingi. Pafu moja limeharibika. Daktari hakuahidi kitu. Watoto nao watapimwa.

Nilimwambia Masanja mbele ya Kwandu. Niliogopa nikisubiri nitapata sababu nyingine.

"Sikuona maono yoyote. Niliyatunga."

Alitazama ukuta. Nilidhani hakusikia. Barakoa yake ilikuwa inapanda na kushuka.

"Huyu mke wangu aliniuliza," akasema. "Aliniuliza, una uhakika? Nikamwambia dada yangu hawezi kunidanganya."

Kwandu hakulia. Alichukua chupa ya uji niliyoleta, akanirudishia mikononi, akanifungulia mlango.

Jumatano, 12 Februari
Nimekwenda kwa Mama Shija. Nimemweleza neno kwa neno. Akanisikiliza kwa huruma, kisha akaniwekea mkono kichwani. Anasema Shetani ndiye ananifanya niukane uponyaji. Masanja alipona, ila yeye na mimi dada yake hatukuilinda imani. Vidonge hataki.

Nilimsihi. Akaanza kuniombea kwa sauti kubwa. Niliondoka anaendelea.

Uongo wangu haunihitaji tena. Unatembea wenyewe.

Alhamisi, 13 Februari
Kikundi kimekuja alasiri. Nimesimama pale pale niliposimama mwezi wa kumi. Nimesema. Nimewaomba wenye dawa warudi kwenye dawa. Mmoja alicheka, nadhani kwa kuogopa. Mama Shija akaanzisha wimbo, wengi wakamfuata wakatoka nje wakiimba. Kuanzia sasa watakutana kwake.

Wamebaki wawili. Hatukuomba. Tulikunywa chai.

Nilitegemea kujisikia mwepesi. Sijisikii hivyo. Nimeona aibu tu, na bado ipo.

Jumapili, 16 Februari
Mchungaji ameniondoa kwenye matangazo na uongozi wa maombi kwa muda. Ni sawa. Nimekaa kiti cha nyuma. Mtu aliyekaa karibu yangu alihama.

Mvua hakuna. Kule Kasoli wameanza kung'oa pamba wawape ng'ombe.

Jumanne, 18 Februari
Mtoto mkubwa wa Masanja amekutwa na TB. Mdogo hana. Huyo mkubwa ana miaka sita.



Alhamisi, 20 Februari
Shija, bintiye Mama Shija, amekuja kibandani ninaposhonea. Sikujua kama amekuja kunitukana. Anasema mama yake alianguka jana akiosha vyombo. Amempeleka hospitali kwa nguvu, presha iko juu sana, mkono wa kushoto hauna nguvu. Amekubali kumeza vidonge, ila kwa sharti nisiende kumwona.

Sitakwenda. Nimemwambia Shija ahakikishe anameza mbele yake. Akasema ndivyo anavyofanya. Hakuniaga.

Kila siku napeleka uji hospitali, naukabidhi mlangoni. Kwandu anaupokea siku hizi. Haniangalii.

Jumapili, 23 Februari
Sikukaa mpaka mwisho wa ibada. Nimekwenda hospitali. Kwandu alikuwa amekwenda nyumbani kuchukua nguo, kwa hiyo nesi akanipa barakoa, akaniruhusu niingie.

Masanja amebaki macho tu. Vidonge vilikuwa viganjani mwake, vingi. Vinamtia kichefuchefu, masikio yanavuma. Anameza kimoja, anapumzika, anameza kingine. Nilishika kikombe. Hakuniomba nimwombee, nami sikuthubutu kumwuliza kama nimwombee.

Nilimwuliza kama amenisamehe. Akasema hajui. Akasema niache kumwuliza, nije tu.

Alipomaliza akafumba macho. Nikakaa kwenye benchi. Nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba nilitumia jina lake, na kwamba mtoto wa miaka sita anakohoa. Sikuomba muujiza. Niliomba vidonge vya kesho vikae tumboni. Nikasubiri kama nitasikia chochote ndani yangu.

Sikusikia kitu. Sitasema nilisikia.

Kesho saa mbili naenda tena.