Besi ya Marehemu

Jumamosi, msimu wa kahawa

Nimeudhika, na bado sijui kama nimejikosesha mauzo. Asubuhi Mama Neema wa Kigonsera alikuja dukani kwangu na kanda ya kwaya yao, akaijaribu kwenye redio yangu kubwa mpaka akaisikia besi, ile sauti nzito ya marehemu mumewe. Akasema anakwenda kufikiria. Jioni akarudi na redio mpya ya bei rahisi, aliyoinunua kwa wachuuzi wa sokoni.

"Baba, mume wangu humu hayumo," akaniambia.

Nyaya za spika moja zilikuwa zimeunganishwa kinyume tu, ndiyo maana sauti nzito zilikuwa zinapotea. Ningenyamaza, angeirudisha, angenunua yangu. Nikazigeuza. Mumewe akaimba.

Wachuuzi wanaongezeka kila wiki, na redio yangu bado iko kwenye rafu. Hata hivyo sikufunga duka mpaka kanda ilipoisha.