Darasani Hakuna Wakwe

Nkololo, 4 Machi 2024

Dada Rachel,

Mwangaluka. Shemeji na watoto hawajambo? Huku wote wazima, ila mimi roho haijatulia. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Semina yenu ilitufundisha kuwakalisha wanafunzi wawili wawili, aliyeelewa amshike mwenzake mkono na kumwongoza kuandika. Sawa. Lakini ulipokuja kukagua darasa langu la kisomo, ukamwita Shija akae na Kwandu, nilikunong'oneza kwamba Kwandu ni mama mkwe wake. Ukacheka, ukasema watu wote wakisikia: "Darasani hakuna wakwe, kuna wanafunzi." Halafu ukauchukua mkono wa yule mama mwenyewe, ukauweka mkononi mwa mkwe wake!

Rachel, umezaliwa Ngulyati kama mimi. Baba alikuwa akizunguka nyuma ya zizi asikutane na bibi mzaa mama, mkwe wake. Ulisahau lini?

Kwandu alitoka akiwa amejifunika uso. Shija naye akaondoka, na wengine wote wakawafuata. Tangu siku hiyo nafungua darasa na kukaa na madawati. Njoo uwaombe radhi.

Mdogo wako,
Klementina

Bariadi, 19 Machi 2024

Mdogo wangu Klementina,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, watoto wana mafua tu.

Barua yako nimeisoma, na hasira zako nazijua tangu utotoni. Elewa kwamba mwongozo hautungwi Nkololo. Nikianza kuuliza nani mkwe wa nani, nitakagua madarasa mangapi? Kwenye ripoti nimesema usimamizi wako ni hafifu na unahitaji kurudia mafunzo. Usininunie, ndiyo kazi.

Mwezi ujao naleta wageni. Wakikuta darasa tupu, litafungwa, na sitaweza kukutetea. Kwa hiyo zungumza na hao wawili, waje wakae pamoja, tupige picha. Ni nusu saa tu.

Dada yako,
Rachel

Nkololo, 22 Aprili 2024

Dada,

Natumaini mafua ya watoto yamepona.

Wageni wako walikuta kufuli, nimesikia ulivyofedheheka. Nililifunga mimi. Picha! Yaani mama wa watu adhalilishwe mara ya pili ili ofisi yenu ipate picha?

Semina sirudii. Nimefundisha watu wazima miaka yote hii, wananikubali kwa sababu nawaheshimu, halafu unaniandika mzembe kwa kosa ulilolifanya wewe mbele ya macho yangu. Imeniuma, na bado inaniuma.

Funga hilo darasa lenu. Wanafunzi wangu wamerudi wenyewe. Wanawake nawafundishia uani kwa Kwandu, wanaume kwa Shija, siku tofauti, na hakuna aliyeniambia nimechelewesha mtaala. Juzi Kwandu alisoma kadi ya kliniki ya mjukuu wake, tarehe ya kurudi aliitaja mwenyewe, na binti yake akalia kwa furaha. Ulikuwa karibu kumnyima hilo.

Walikuwa na sharti moja tu, kwamba yule mama wa ofisini asikanyage tena kwao. Nikakubali. Kisha Kwandu akaniuliza, kwa upole kabisa, kama mwanamke yule ana kwao, ana ndugu wa kumwonya.

Nikamwambia simjui.

Mdogo wako,
Klementina